Redio inayoishia 90

Wadau, kuna swali moja huwa nawauliza watu wanaonunua gari la Japani, hasa wale wa mara ya kwanza: redio yake inafika ngapi? Wengi hunishangaa. Wameshakagua injini, wamechungulia kutu chini ya milango, wamesoma kilomita, wamepiga matairi teke. Redio waliiwasha, ikawaka taa, basi. Ikifika siku ya pili ndipo malalamiko yanaanza: mbona EFM haipo? Mbona Times siipati? Redio haijaharibika, ni nzima kabisa. Ila inaishia 90.

Sababu ni rahisi. Japani waliipangia FM yao nafasi ya kuanzia megahezi 76 hadi 90. Pale juu, kati ya 90 na 108, wakaweka chaneli namba 1 hadi 3 za televisheni ya analojia. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, FM yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani na anga ya Dar vinakutana kwenye kipande chembamba tu, kati ya 87.5 na 90. Ndiyo maana Clouds ya 88.5 na Wasafi ya 88.9 zinaingia bila shida, lakini Magic ya 92.9, EFM ya 93.7 na Times ya 100.5 unazisikia kwenye gari la jirani. Nairobi hali ni mbaya zaidi: Capital iko 98.4, Kiss iko 100.3, Citizen iko 106.7. Zote nje ya uzio.

Nimeanza na hiyo 90 kwa sababu ni mfano mwepesi wa jambo ambalo historia ya redio imelirudia mara nyingi. Anayetengeneza kisanduku, au anayekiagiza, anakuwa ameshaamua mapema utamsikia nani na hutamsikia nani. Wewe unafika dukani umechelewa, unauliza bei. Bei ni swali la pili. Hebu tuzunguke kidogo duniani, halafu turudi Kariakoo na Gerezani.

Tuanze Ujerumani. Agosti 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, ilizinduliwa Berlin redio iliyoitwa Volksempfänger, yaani redio ya wananchi. Jina lake la kiwandani lilikuwa VE301, na hiyo 301 haikuokotwa barabarani: ni tarehe 30 mwezi wa 1, siku Hitler alipoapishwa kuwa kansela. Iliuzwa marki 76, na mwaka 1938 likaja toleo dogo la marki 35. Kwa mfanyakazi wa kawaida hiyo ilikuwa neema, maana redio nzuri zilikuwa za wenye nazo.

Lakini ifungue uone. Ina masafa marefu na masafa ya kati, masafa mafupi hamna. Uwezo wake wa kunasa ni mdogo: stesheni ya karibu inaingia vizuri, ya mbali ni ya kubahatisha usiku. Si kwamba London haikusikika kabisa. Ilisikika, ndiyo maana vita vilipoanza Septemba 1939 serikali ilitunga sheria ya kukataza kusikiliza stesheni za nje, na redio zikaning'inizwa vikaratasi vya kumkumbusha mwenye nyumba kwamba kufanya hivyo ni jinai. Kwa maneno mengine, redio ya bei poa ilifanya nusu ya kazi, na polisi wakamalizia nusu iliyobaki.

Sasa tuje Afrika. Mwaka 1949 huko Lusaka, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ofisa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, alikuwa na stesheni lakini hakuwa na wasikilizaji wa kutosha. Redio za wakati ule zilikuwa za valvu, zinakula umeme kwelikweli, na bei zake hazikumlenga mtu wa kijijini. Franklin akahangaika kutafuta mtengenezaji wa Uingereza atakayekubali kuunda redio rahisi ya betri. Mwishowe kampuni ya betri ya Ever Ready ikakubali. Kasha lake lilitokana na sufuria ya alumini, likapakwa rangi ya buluu, na ndiyo maana ilijulikana kama redio ya sufuria. Bei yake pauni 5. Betri yake pauni moja na robo, inadumu kama saa 300.

Hebu tupige hesabu. Ukisikiliza saa 3 kwa siku, betri inakata roho baada ya siku 100. Betri nne ni pauni 5. Yaani baada ya mwaka mmoja na mwezi hivi umeshanunua redio nyingine nzima kwa njia ya betri. Sasa unaelewa kwa nini aliyekubali kuiunda alikuwa muuza betri.

Lakini redio ile ya sufuria ilinasa masafa mafupi, na masafa mafupi hayana adabu ya mipaka. Yanapanda juu, yanagonga tabaka la juu la anga, yanarudi ardhini maelfu ya kilomita mbele. Ukimuuzia mtu redio ya namna hiyo ili akusikilize wewe, umemuuzia na wapinzani wako humo humo.

Waingereza walilionja hilo kuanzia 1954, pale Radio Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili. Misri ya Nasser ilikuwa inausema ukoloni hadharani, tena kwa Kiswahili kilichonyooka. Mmoja wa watangazaji wake alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na stesheni yake ya serikali ya kikoloni tangu 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Miaka mitatu baada ya Cairo, Juni 1957, BBC nayo ikaanzisha matangazo ya Kiswahili. Ushindani huo wote ulikuwa unapita kwenye kisanduku kilekile kilichokaa juu ya kabati. Mwenye kisanduku cha masafa mafupi alizungusha kitufe akachagua mwenyewe.

Kilichowasogeza watu wengi zaidi kwenye kitufe hicho ni transista. Ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na Oktoba 1954 ikatangazwa redio ya kwanza ya mfukoni iliyouzwa madukani, Regency TR-1, kwa dola 49.95. Mwaka uliofuata kampuni ambayo baadaye ikajiita Sony ikatoa ya kwake Japani. Transista haihitaji kupashwa moto kama valvu, kwa hiyo betri ndogo zinatosha. Redio ikatoka sebuleni kwa bwana mkubwa, ikaenda shambani, ikaenda machungani, ikafungwa kwenye mpini wa baiskeli.

Hapa kwetu Matsushita, wenye jina la National, walifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na ukiwauliza wazee wengi kuhusu redio ya kwanza nyumbani kwao jibu litakuwa National au Philips. Redio ilikuwa mali. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, watoto hawaruhusiwi kuigusa, na mwenyewe akisafiri anaifungia chumbani. Betri (wengine mnaita mawe ya redio) zikilegea zilianikwa juani zipate kumalizia taarifa ya habari ya jioni. Tatizo lilelile la Lusaka: kisanduku unakinunua mara moja, lakini kukilisha ni kila mwezi.

Kwa vile si kila mtu alikuwa nayo, redio moja ilihesabiwa kwa watu wengi. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walijiandikisha kwenye vikundi vya kusikiliza vipindi na kujadili: kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Redio moja, kikundi kizima. Mtu akikuambia thamani ya redio ni shilingi kadhaa, mkumbushe hilo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 utawala wa makaburu ulijenga mtandao mkubwa wa FM. FM ina sauti safi, hilo halina ubishi. Lakini pia mawimbi yake huenda mbele kama jicho linavyoona: hayarudi kutoka angani, yakifika upeo wa macho yamekwisha. Serikali ikahimiza redio za FM kwa Waafrika na kuwapa matangazo ya lugha zao kupitia Radio Bantu. Mtu mwenye redio ya FM peke yake alipata muziki safi wa kwao, lakini hakuweza kunasa masafa mafupi. Na kwenye masafa mafupi ndiko ilikokuwa Radio Freedom ya ANC, ambayo baada ya tangazo lake la kwanza la kisiri ndani ya nchi mwaka 1963 ilikuja kupewa nafasi na stesheni za nchi rafiki, ikiwemo Radio Tanzania hapa Dar es Salaam. Sauti inatoka kwetu inavuka mito na mipaka, halafu inapotezwa na kisanduku. Huna haja ya kupiga kelele ya kuizima kama umeshamuuzia msikilizaji redio isiyoifikia.

Sisemi FM ni mbaya. Hapa kwetu ilikuja na habari njema. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na RTD, na RTD ndiyo ilikuwa redio. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango, Radio One ikaingia 1994, na kabla muongo haujaisha vijana wa mjini walikuwa na FM za kwao zinazopiga Bongo Flava. Lakini angalia kilichozikuta National za babu zenye masafa ya kati na mafupi peke yake. Spika nzima, transista nzima, mlio mzito mtamu, ila kijana wa nyumbani haitaki. Haikuharibika. Stesheni ndizo zilizohama, na thamani ikahama nazo.

Sasa turudi barabarani. Redio ya gari nayo ilianza kama anasa. Mwaka 1930 huko Chicago kampuni ya ndugu wawili wa ukoo wa Galvin ilitoa redio ya gari waliyoiita Motorola, yaani motokaa iliyounganishwa na lile "ola" la majina ya vinanda vya santuri vya enzi hizo. Iliuzwa kati ya dola 110 na 130, wakati ambapo Ford Model A mpya za aina nyingi zilipatikana chini ya dola 600. Redio peke yake ni kama sehemu moja ya tano ya gari! Na kuifunga ilikuwa shughuli: valvu zinataka volti nyingi, plagi za injini zinatoa cheche zinazokwaruza kwenye spika, na nafasi hakuna. Ujerumani mwaka 1932 Blaupunkt walitoa AS 5, yenye uzito wa kilo 15 na bei ya marki 465. Kaseti ya Philips ilipotokea 1963, miaka michache baadaye ikaingia kwenye dashibodi, na mwaka 1984 Pioneer wakaleta CD ya gari.

Kitu kimoja kizuri kilichotokea katikati ya safari hiyo ni vipimo kuwa sawa. Tundu la kawaida la redio ya gari lina upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Lile la mbili kwa pamoja ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la 200 kwa 100, ndiyo maana ukifunga redio ya dukani unabaki na nafasi pembeni, fundi anaziba na vipande vya plastiki. Wakati wa kuagana bei ya kazi, vitaje na hivyo vipande, visije vikageuka gharama ya ghafla.

Kwa hiyo umenunua gari, redio inaishia 90. Ufanye nini? Njia ya kwanza ni kile kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho hushusha masafa. Wengi wanakinunua kwa kuangalia bei tu, bila kuuliza kinashusha ngapi. Tuseme kinashusha 20. Capital ya Nairobi, 98.4, utaipata kwenye 78.4. Safi. Lakini EFM ya Dar, 93.7, itaangukia 73.7, na redio yako inaanzia 76. Umekosa. Kinachoshusha 14 kitakuletea EFM kwenye 79.7 na Times kwenye 86.5, lakini Citizen ya 106.7 itaangukia 92.7, juu ya 90, umeikosa tena. Unaona? Hata dawa yenyewe inakuchagulia. Orodhesha stesheni zako, toa, ndipo ulipe.

Magari mapya kidogo yana nafuu nusu. Japani walizima televisheni ya analojia sehemu kubwa ya nchi Julai 2011, na kuanzia Desemba 2014 wakaanza kutumia 90 hadi 95 kwa redio. Kwa hiyo redio nyingi za magari yaliyotengenezwa baada ya hapo zinafika 95. Kwa mtu wa Dar, EFM imeingia. Kwa mtu wa Nairobi, ambako gari la kuagiza halitakiwi kuzidi miaka 8, hata hilo gari jipya jipya bado haliifikii 98.4.

Njia ya pili ni kubadili redio nzima. Hapo soma waya kabla ya kusoma boksi. Njano inakaa na umeme muda wote, hiyo ndiyo kumbukumbu ya redio. Nyekundu inapata umeme ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni ya bodi. Akikosea fundi akazibadilisha njano na nyekundu, kila ukizima gari stesheni zako zinafutika. Ya buluu ni ya kuamshia antena au kikuza sauti. Magari mengi ya siku hizi yana kikuza mawimbi kwenye antena ya kioo au ya juu ya paa. Ile ya buluu ikiachwa inaning'inia, redio mpya itanasa vibaya kuliko ya zamani, na utalaumu redio bure.

Na zile namba kubwa kwenye boksi? "Wati 50 mara 4." Tazama fyuzi nyuma ya redio, mara nyingi ni ampea 10. Betri ya gari injini ikiwaka inatoa kama volti 14. Kumi mara 14 ni wati 140 kwa kila kitu kilichomo ndani, taa na injini ya CD zikiwemo. Hizo 200 zinatoka wapi? Kwa kawaida unapata wati chini ya 25 za kweli kwa kila spika. Boksi linaweza kusema lolote, fyuzi haidanganyi.

Jambo la mwisho la ufungaji: ukiwa bado na redio ya asili ya Kijapani yenye ramani, usikubali betri ya gari ichomolewe hovyo. Nyingi zikikosa umeme huamka zikidai kadi ya ramani au namba ya siri, kwa Kijapani, na zinagoma kufanya kingine chochote.

Mtaniambia FM yenyewe ina siku zake. Kweli. Norway ilizima FM za kitaifa mwaka 2017 ikahamia redio ya dijitali, na wenye magari ya zamani wakalazimika kununua vidude vya kuunganisha, kama sisi na 90 yetu. Tofauti ni kwamba wao waliamuliwa na bunge lao. Sisi tuliamuliwa na mpango wa televisheni wa nchi nyingine.

Na hizi redio za skrini kubwa za Android zilizojaa madukani? Zinafuta tatizo la 90 kabisa, unasikiliza stesheni ya popote kwa intaneti. Ila angalia zinakula nini. Ya Lusaka ilikula betri ya saa 300, hii inakula bando. Bando likiisha kabla hujafika Chalinze, unarudi kwenye FM ileile, na unatakiwa uwe umeshajua inaanzia ngapi na kuishia ngapi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukienda kununua, iwe redio ya mkononi, ya gari au gari lenyewe, andika kwenye karatasi stesheni tano unazozisikiliza kweli, na namba zake. Zitafute zote tano ukiwa hapo hapo, antena ikiwa imeunganishwa. Ikikosekana hata moja, uliza kwa nini. Bei mtaongea baadaye.